Mtoto wa usiku wa mvua tumwite nani?

mama_kondele: Wadau nisaidieni, nimejifungua msichana juzi saa nane usiku, mvua inapiga mabati mpaka nesi anapaza sauti ndio nimskie, sasa mama mkwe Mjaluo anasema Atieno, mamangu Mbukusu (Mluhya) naye anataka Nafula, nifuate nani?

jaduong_ksm: Hongera sana nyar (binti). Atieno ni wa usiku, lakini hata Akoth inaingia, hiyo ni ya mvua.

wa_webuye: Dada, Nafula pia ni wa msimu wa mvua! Akoth na Nafula ni kitu kimoja, wazee wetu waliangalia mawingu yale yale.

naks_mjini: Wakalenjin nao wana Cherop wa mvua. Ghana huangalia siku ya wiki, Kofi Annan yule wa UN alizaliwa Ijumaa 1938 na Kofi ndio Ijumaa.

mama_kondele: Basi Akoth Nafula. Nimemwita akafungua macho jamani.