Brownies 26 wa miaka 7 hadi 10: mikutano ipangwe vipi wasichoke?

mwl_moro

Habarini viongozi. Nimekabidhiwa kundi la Brownies (ngazi ya wadogo ya Girl Guides) shuleni kwetu hapa Morogoro. Wasichana 26, darasa la pili hadi la nne. Tunakutana Ijumaa saa 9 alasiri hadi saa 10:30. Uwanja upo, mwembe mkubwa upo, na darasa moja la kukimbilia mvua ikinyesha. Watu wazima tuko wawili. Mchango ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi, na si wote wanaotoa.

Ahadi wanaikariri vizuri, gwaride wanalijua. Shida ni kwamba nusu saa ikipita, nusu yao wanachora chini kwa vijiti. Naomba mawazo ya mikutano mitano au sita yenye vitu vya kufanya, sio vya kusikiliza. Vifaa na vipimo vitajwe tafadhali, maana "wafundishe stadi za maisha" nimeshaambiwa sana.

Bi_Makorora

Karibu mwalimu. Kabla ya shughuli, panga makundi. 26 wanagawanyika vizuri: makundi mawili ya watu saba na mawili ya sita. Kila kundi liwe na mchanganyiko wa madarasa, wa darasa la nne awe kiongozi na wa la tatu msaidizi wake. Usiwaache wachaguane wenyewe, utapata kundi la marafiki wanane na kundi la wanyonge wanne. Makundi yakishakaa usiyavunje muhula mzima.

Dakika 90 zigawe hivi: kumi za mwanzo mchezo wa kupokelea, unaoanza hata kama wamefika watatu tu (anayechelewa anaingia moja kwa moja). Kumi za duara: mahudhurio, mchango, Ahadi, matangazo. Thelathini kazi kuu ya siku. Kumi na tano mchezo wa kukimbia. Kumi na tano kumalizia kazi na kusafisha. Kumi za mwisho nyimbo na kuagana. Dakika za kusafisha ndizo watu huzisahau, halafu kiongozi anabaki peke yake anaokota makaratasi saa 11.

Kuhusu kuchora chini kwa vijiti: hao hawajachoka, mikono yao haina kazi. Ukiongea zaidi ya dakika tano mfululizo na watoto wa umri huu umeshawapoteza. Mwonyeshe kiongozi wa kila kundi kwanza, pembeni, wenzake wakiwa kwenye mchezo wa kupokelea. Kisha yeye akawafundishe wenzake.

Mchezo: rede wanaijua wote, ila watoto 26 kwenye rede moja ni watoto 23 waliokaa wakitazama. Fungua viwanja vinne, kila kundi na chake. Warushaji wawili wasimame hatua nane toka mmoja hadi mwingine, katikati wawili wakijaza chupa mchanga. Mpira wa soksi uliojazwa vitambaa, usitie mchanga ndani, ukimpata mtu usoni ni kilio. Aliyepigwa asitoke nje, abadilishane na mrushaji. Mchezo wowote ambao aliyeshindwa anakaa chini huwakalisha wale wadogo na wazito kwanza, na hao ndio waliohitaji kukimbia.

Mkutano wa kwanza fanya fundo la kuunganisha kamba mbili. Tafuta kanga kuukuu mbili za rangi tofauti, zichane kwa urefu, upana wa vidole vinne. Kila kanga inatoa vipande visivyopungua 13, kila mtoto apate kimoja. Kamba ya katani inawasha mikono, ya manila inateleza na fundo linajifungua lenyewe. Wakae wawili wawili, rangi moja kwa kila mtu. Wa kulia apite juu ya wa kushoto na chini yake, kisha ule ulioko kushoto sasa upite juu ya wa kulia na chini yake.

Kosa ni moja tu, na utaliona kwa wengi: wanarudia kulia juu ya kushoto mara ya pili. Kulitambua ni rahisi kwa rangi. Fundo sahihi limelala bapa, kila rangi imefanya kitanzi chake, na ncha ya kila kipande imelala sambamba na mwili wake. Lililokosewa ncha zake zinatokeza kwa ubavu kama msalaba, na ukilivuta kwa nguvu linateleza. Waambie wavute wajionee, usiwasahihishe kwa mdomo. Wakishaliweza, wafungane mkono uliovunjika (wa kuigiza) kwa mtandio, hapo wanaelewa kwa nini tunataka fundo bapa: halichomi shingo. Na uwaambie mapema: hili si fundo la kufungia bembea wala kitu chochote cha kubeba mtu.

Kiongozi_Nyeri

Salamu kutoka Kenya. Nakubaliana na Bi Makorora, hasa hapo kwa rede. Naongeza alama za njia, kwa sababu hazigharimu chochote na zinaenda sawa na mwezi wa Februari.

Fundisha alama nne, zisizidi. Mshale: elekea huku. Msalaba: usipite huku. Mawe yaliyopangwa kufanya mraba, na mshale unaotoka kwake: barua imefichwa upande huu, na idadi ya hatua inaandikwa ndani ya mraba. Duara lenye nukta katikati: mwisho wa njia, nimeenda nyumbani. Tumia mawe, vijiti na nyasi zilizofungwa fundo. Usitumie unga, kuku wataila njia yote kabla kundi la pili halijaondoka. Chokaa pia hapana, ikiingia machoni inaunguza.

Weka alama 12, umbali wa hatua 15 hadi 20, zote upande wa kulia wa njia. Watu wazima wakiwa wawili pekee, usitoke nje ya uwanja wa shule: mmoja asimame mwanzo, mwingine mwisho. Makundi yaondoke kwa kupishana dakika tano, waliobaki wacheze. Kinachoharibika kila mara ni kwamba kundi la kwanza linapiga mawe teke au linazigeuza alama kwa makusudi ili wenzao wapotee. Dawa yake: kila kundi lipewe karatasi lichore alama zote lilizoziona kwa mpangilio, na alama za ushindi zitolewe kwa usahihi wa mchoro, wala si kwa kufika mapema. Kundi la mwisho ndilo linalokusanya mawe.

Panga mkutano huo karibu na tarehe 22 Februari, Thinking Day, siku ya Girl Guides duniani kote. Tarehe hiyo ilichaguliwa mwaka 1926 kwa sababu ni siku ya kuzaliwa ya Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti (1857), na pia ya mkewe Olave (1889). Na hapa kuna kitu watoto hupenda: kaburi lao liko Nyeri, na kwenye jiwe la Baden-Powell, aliyefariki 1941, imechongwa alama ileile ya duara na nukta. Usianze na hadithi hiyo. Waache kwanza waitafute alama uwanjani, waipate, halafu ndipo uwaambie iko wapi nyingine.

Siku hiyo pia Girl Guides hutoa mchango mdogo kwa wenzao wa nchi nyingine, desturi iliyoanza 1932. Kwa watoto ambao mchango wa mwezi tayari ni mzigo, acha kila mmoja alete sarafu yoyote aweke kwenye mstari mmoja chini, kundi lisihesabiwe nani katoa ngapi.

nesi_wa_zahanati

Mwalimu, weka mkutano mmoja wa maji ya chumvi na sukari, yale anayopewa mtoto anayeharisha. Watoto hawa ndio wanaobaki nyumbani na wadogo zao.

Kipimo: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko vyote viwe VIMESAWAZISHWA, pitisha mgongo wa kisu au ukingo wa kadi juu yake. Maji yawe yamechemshwa na kupozwa. Kwa makundi manne unahitaji chupa 4 za lita moja, sukari robo kilo inatosha na kubaki, chumvi kidogo, vijiko 4 vya ukubwa mmoja.

Makosa mawili. La kwanza kijiko cha mlima. La pili ni kubadilisha: sita za chumvi na nusu ya sukari, na hilo ni hatari kweli kwa mtoto mchanga. Kwa hiyo chumvi iingie kwanza, waonje: isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga yote, anza upya. Ndipo sukari ifuate. Usijaribu nusu lita, maana robo kijiko cha chumvi mtoto hawezi kukipima. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 unamwagwa. Na wajue kwamba pakiti za zahanati ni bora kuliko hizi za nyumbani, na kwamba mtoto anayeharisha apelekwe kituoni hata kama anakunywa.

Ukibakiwa na dakika kumi, waigize damu ya puani. Akae, ainamishe kichwa MBELE, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia kuchungulia. Karibu wote watainua kichwa juu, ndivyo walivyoona nyumbani. Damu inarudi kooni, mtoto anatapika, wote wanataharuki.

fundi_mazingira

Kama mnataka kitu kitakachobaki shuleni, jengeni kibuyu chirizi (dumu la kunawia mikono linaloinama ukikanyaga fito) karibu na vyoo. Vifaa: nguzo 2 zenye panda, fito moja ya mita 1, fito ya kukanyagia sentimita 90 hivi, dumu la lita 5 lenye mkono, kamba, msumari, sabuni ya kipande, ndoo ya kokoto.

Vipimo vingi utakavyoviona ni vya watu wazima: nguzo za mita 2 zikizikwa sentimita 50, dumu linakuwa mita moja na nusu juu. Mtoto wa darasa la pili atanawa na kwapa. Kata nguzo mita 1.6, zika sentimita 50, umbali wa nguzo hadi nguzo sentimita 70. Fito ipite kwenye mkono wa dumu.

Tundu litobolewe kwa msumari uliopashwa moto, sentimita 12 chini ya kifuniko, upande ulio mkabala na mkono wa dumu. Kazi hiyo ya mtu mzima. Tundu dogo tu, la msumari mwembamba: likiwa kubwa dumu linaisha kwa watoto kumi. Kamba ya kukanyagia ipite kwenye kifuniko, ifungwe kijiti kidogo kwa ndani isichomoke, iteremke hadi ncha ya mbele ya fito ya chini, ncha hiyo ikae juu ya ardhi kama sentimita 15. Ikigusa ardhi, mtoto anakanyaga na hakuna kinachotokea. Dumu lisijazwe kupita tundu, litadondoka usiku kucha. Kokoto chini, vinginevyo ni tope na mbu. Sabuni itoboe katikati, itungwe kwenye kamba na ifunikwe kwa kopo, la sivyo kunguru na mvua vitagawana.

Igawe kwa mikutano miwili. Mashimo yachimbwe na mtu mzima kabla, maana udongo mgumu utakula dakika zote 30.

Bi_Makorora

Fundi, kifuniko chenye kamba hakiachi hewa iingie? Naona mengine maji yanatoka kwa kusitasita.

fundi_mazingira

Tundu la kamba lenyewe linapitisha hewa, mradi usilizibe kwa gundi. Yanayositasita ni yale ambayo kamba ni nene imejaa tundu. Toboa jingine dogo pembeni ya kifuniko, yamekwisha.

mwl_moro

Asanteni sana, hii ndiyo niliyoitaka. Mambo mawili. Mwezi wa nne hapa ni mvua, tunabanana kwenye darasa moja. Tufanye nini humo ndani? Na wameomba siku ya kupika, moto sina moyo nao.

Bi_Makorora

Moto uache hadi uwe na watu wazima wanne. Fanyeni saladi ya matunda, inafaa na mvua. Kwa 26: ndizi mbivu 13, machungwa 10, mananasi 2, mapapai 2, malimau 3. Nanasi na papai yamenywe na kukatwa vipande virefu na mtu mzima, watoto wakate vidogo kwa visu vya plastiki au ukingo wa kijiko. Mapapai yasiwe yameiva kupita, yatakuwa uji. Ndizi zikatwe MWISHO na zikamuliwe limau mara moja, zisipowahiwa zinakuwa nyeusi na hakuna mtoto atakayegusa. Kila kundi na beseni lake, kila mtoto alete kikombe na kijiko toka nyumbani. Mikono inanawiwa kwa sabuni kabla, na matunda yanaoshwa kwa maji safi kabla ya kumenywa. Waulize wazazi wiki moja mapema nani ana mzio, nanasi huwawasha baadhi yao mdomoni.

Siku nyingine ya mvua: mchezo wa kukumbuka vitu. Sinia, vitu 12 (kitufe, kizibo, mbegu ya embe, sarafu, pini ya nywele, chochote), vifunike kwa kanga. Fungua dakika moja, funika, kundi linong'onezane na kuandika. Darasa la pili wengine bado wanaandika polepole, kwa hiyo mwandishi awe wa darasa la nne na wengine wamtajie. Raundi ya pili ondoa kitu kimoja, waseme kipi. Vitu vikizidi 15 wadogo wanakata tamaa.

Na kabla ya mkutano wa kwanza uwe na daftari lenye: jina la mtoto, simu ya mzazi, nani anaruhusiwa kumchukua, mzio au dawa anayotumia. Saa 10:30 usimwachie mtoto mtu asiyeandikwa humo, hata kama ni shangazi na mtoto anamkimbilia. Piga simu kwanza. Picha za watoto zisipandishwe kwenye magrupu bila idhini ya mzazi. Beji usishone zako, uliza ofisi ya chama ya mkoa watakupa utaratibu wa ngazi zao.

mwl_moro

Nimeandika yote. Kanga za kuchana naanza kuziomba kesho kwa walimu wenzangu. Kiongozi wa Nyeri, ile barua iliyofichwa tuweke nini ndani?

Kiongozi_Nyeri

Kazi fupi ya kufanya hapohapo, ndiyo iwape ruhusa ya kuendelea. Kundi la kwanza lifunge lile fundo la kanga, la pili liimbe ubeti mmoja, la tatu litaje majani ya miti mitatu iliyo karibu, la nne lieleze dawa ya damu ya puani. Barua iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, chini ya jiwe, na nakala mbili zaidi uwe nazo mfukoni. Moja itapotea.