Dondoo ya majani ya mpera: Staphylococcus inakufa, E. coli haitikisiki

majani_makavu: Wakuu, nimeloweka gramu 50 za unga wa majani ya mpera katika ml 500 za ethanoli ya 70% kwa saa 48, nikachuja, nikakausha juu ya maji yanayochemka. Nikayeyusha upya, mg 50 kwa ml, mikrolita 20 kwa kila kidisiki cha mm 6. Staphylococcus aureus imeacha duara lisilo na bakteria la mm 14. E. coli hakuna kitu. Nimekosea wapi?

GramHasi: Kwa E. coli huenda hujakosea. Huyo ana utando wa nje wenye lipopolisakaridi (mafuta yaliyoungana na sukari) unaokwamisha molekuli nyingi za mimea, na kinachopenya hutemwa nje na pampu ya AcrAB-TolC. Staphylococcus hana utando huo. Ila pampu anayo: NorA hutema berberini, na mimea ya Berberis yenyewe hutengeneza kiambato kingine kinachoiziba. Kwa hiyo usishangae ukitenganisha viambato halafu nguvu ikapotea.

Kinachonitia shaka ni hiyo mm 14. Kidisiki cha kulinganishia, cha ethanoli tupu, kilichokaushwa vilevile, kiko wapi? Na maji yanayochemka ni moto mno, usizidishe nyuzi 40.

vishimo96: Duara lisikupumbaze. Linapima pia jinsi kitu kinavyosambaa kwenye agari (jeli ya kukuzia bakteria): tanini kubwa hukwama karibu na karatasi, vya mafuta husogea kwa shida. Pima MIC (kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua) kwenye sahani ya vishimo 96.

Yeyusha mg 100 kwa ml ya DMSO (kiyeyushi), kisha punguza mara 50 kwa mchuzi wa Mueller-Hinton (wa kukuzia bakteria). Weka mikrolita 200 kishimo cha kwanza na mikrolita 100 za mchuzi mtupu vinavyofuata, hamisha 100 hatua kwa hatua, za mwisho mwaga. Bakteria wa McFarland 0.5 (kipimo cha wingi wao kwenye kimiminika) wapunguze mara 100, ongeza mikrolita 100 kila kishimo. Utaanzia mg 1 kwa ml, DMSO 1%. Nyuzi 35, saa 16 hadi 20.

majani_makavu: Dondoo ni ya kahawia, mchuzi ukipoteza uangavu kwa wingi wa bakteria nitaonaje?

vishimo96: Tumia rangi ya resazurini: bluu ikigeuka waridi, wako hai. Lakini polifenoli zinaweza kuigeuza zenyewe, kwa hiyo acha safu moja ya dondoo bila bakteria. MIC ikizidi mg 1 kwa ml, achana nayo. Ikiwa mikrogramu 100 au chini, hapo kuna kazi ya kufanya.