Acheni kututumia zipu zenye tarehe za 1980, mnatuharibia kazi huku Lubumbashi

Ndugu zangu, nimekasirika na leo nasema yote. Sisi tunaosimika programu kwa wateja wa Lubumbashi, huku msimbo ukiandikwa Kinshasa, tumegeuzwa watu wa kulaumiwa. Mteja akilalamika kwamba programu inafanya mambo ya zamani, jibu la kwanza kutoka ofisini ni lile lile: "Huyo wa Lubumbashi hakuweka toleo jipya." Toleo nimeliweka. Msimbo mpya uko kwenye diski, naufungua, nausoma kwa macho yangu. Kinachoendeshwa ni faili ya zamani iliyokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa umbo ambalo kompyuta inaliendesha, na inabaki pale kwa sababu ya namna ofisi inavyofunga zipu zake, zile faili moja moja zinazobeba faili nyingi ndani yake. Ofisi yenyewe siitaji, wenyewe wanajijua.

Programu ni ya mauzo. Sehemu kubwa imeandikwa kwa lugha ya Python. Kipande cha kuchapa risiti kimeandikwa kwa lugha ya C na kinakompailiwa kwa make, chombo cha kujenga programu, kwenye mashine ya mteja. Halafu kuna programu ya simu ya wauzaji, hiyo inajengwa kwa chombo kingine, Gradle. Intaneti ya depo nyingi, yaani maghala ya biashara ya wateja wetu, ni ya kubahatisha, kwa hiyo toleo jipya linakuja kwa zipu, kupitia WhatsApp au kwenye flashi ya mtu anayepanda ndege.

Tatizo lilianzia kwenye saa. Kinshasa na Lubumbashi hatuko saa moja, huku tuko mbele kwa saa nzima. Zipu ya kawaida inayofungwa na Windows inaandika saa ya mahali ilipofungiwa bila kusema ni saa ya wapi. Flashi yenye mpangilio wa FAT32 nayo ni hivyo hivyo. Na make, tangu ilipoandikwa na Stuart Feldman huko Bell Labs mwaka 1976, inaamua kwa tarehe: faili ya chanzo, yaani ile aliyoiandika mtu, ikiwa mpya kuliko ile iliyokompailiwa, inakompaili upya, kama si mpya, inaiacha.

Sasa fuatilieni. Nakompaili kwa mteja saa nane u nusu mchana. Naona risiti inakata tarakimu ya mwisho, maana bei za franka ni ndefu na nafasi waliyoacha ni finyu. Naandika Kinshasa. Mwenzetu anarekebisha, anahifadhi faili saa nane kamili ya kwake, ambayo huku ni saa tisa. Zipu inafika, naifungua, na faili iliyorekebishwa inajitangaza kuwa ya saa nane kamili. Faili yangu iliyokompailiwa ni ya saa nane u nusu. Make inalinganisha, inaona chanzo ni cha zamani, inasema hakuna cha kufanya. Risiti inaendelea kukata tarakimu. Napiga simu Kinshasa, naambiwa kwake inafanya vizuri. Bila shaka inafanya vizuri, kwake hakuna tofauti ya saa!

Nililieleza hili kwa maandishi, kwa mfano, kwa picha za skrini. Na jambo hili linatuumiza kuliko wengine, kwa sababu huku umeme unakatika mara kwa mara, na mashine nyingi za depo betri ndogo ya saa ilishakufa. Umeme ukirudi, kompyuta inaamka ikidhani ni miaka ya nyuma, na hakuna intaneti ya kuirekebisha. Mtu anayejenga mfumo wake wote juu ya tarehe za faili hajawahi kufanya kazi chini ya delestaji, huko kukatiwa umeme kwa zamu.

Ofisi ilijibu nini? Haikuhamia Git, programu ya kutunza na kusambaza matoleo ya msimbo, wala haikuandika kwenye zipu saa inayoeleweka popote. Waliweka skripti inayozipa faili zote tarehe moja, 1 Januari 1980, ambayo ndiyo tarehe ya kwanza ambayo zipu inaweza kuandika. Wakatangaza kwamba habari ya saa imekwisha.

Kwa upande wa C, maana yake ni kwamba chanzo sasa ni cha zamani kuliko kila faili iliyokompailiwa, siku zote. Make haitajenga tena chochote mpaka uilazimishe kwa `make -B`. Hilo niliweza kuliziba mwenyewe. La Python ndilo lililonitoa machozi ya hasira, kwa sababu Python haikusema neno.

Python inapoingiza moduli, yaani faili moja ya msimbo, inahifadhi baitikodi yake (umbo lililokwisha kukompailiwa) ndani ya folda ya `__pycache__`, kwa jina kama `bei.cpython-311.pyc`. Tangu toleo la 3.7, faili hiyo inaanza na baiti 16 za utambulisho: nne ni namba ya toleo la baitikodi, nne ni alama za namna ya ukaguzi, nne ni tarehe ya faili ya chanzo, nne ni ukubwa wake. Safari nyingine Python haisomi tena chanzo. Inauliza tu: tarehe ni ile ile? Ukubwa ni ule ule? Yote mawili yakilingana, inaendesha ya zamani.

Toleo la kwanza lenye tarehe za 1980 lilienda vizuri, kwa sababu tarehe zilitofautiana na zile zilizokuwa kwenye kashe, yaani faili zilizohifadhiwa ndani ya `__pycache__`. Wakaona wamepona. Toleo la pili lilikuwa na badiliko moja tu kwenye `bei.py`: punguzo la wateja wa jumla kutoka asilimia 5 kwenda 8. Tarakimu moja imetoka, moja imeingia. Ukubwa wa faili haukubadilika hata kwa baiti moja, na tarehe ni 1980 kama jana. Python ikaona hakuna kilichotokea.

Mteja ni mama mwenye depo ya unga katika mtaa unaoitwa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Alikuwa ameshawatangazia wanunuzi wake wa mitaa ya Katuba na Ruashi punguzo jipya. Watu wakaja na hesabu zao mkononi, risiti zikatoka na 5. Mbele yao akanigeukia: "Mwana yangu, ile bei tulisikilizana iko wapi?" Nikamfungulia faili, 8 iko pale kwenye skrini, na risiti iliyo mkononi mwake ina 5. Mwambieni mama wa umri ule kwamba kompyuta ina faili mbili na inaendesha isiyoonekana. Alifikiri namdanganya, na wanunuzi wakafikiri yeye ndiye anayewadanganya. Jina la mtu sokoni linajengwa kwa miaka.

Nikaandika kwenye kundi la kazi. Mmoja akajibu niwashe `PYTHONDONTWRITEBYTECODE`. Jamani! Hiyo inazuia Python kuandika faili mpya za kashe, haizuii kusoma zilizopo. Ya zamani ingeendelea kuendeshwa vile vile. Mtu anatoa ushauri kwa sauti ya ubosi bila kujaribu hata mara moja kwenye mashine yake.

Mkuu wa timu naye akatoa amri kwa wote: "Futeni kashe yote." Kashe ipi? Ndiyo hapa ninapotaka mnisikilize hasa nyinyi mnaokaa mahali penye intaneti ya bure ofisini. `__pycache__`, faili za `.o`, folda ya `build`, hizo ni mazao ya msimbo wako mwenyewe. Ukizifuta, mashine inazitengeneza tena bila kukuomba mega hata moja ya intaneti. Lakini `~/.gradle/caches` ndimo zinamokaa maktaba zilizopakuliwa, yaani msimbo wa watu wengine ambao programu yako inautegemea, na kwa mradi wa Android hizo zinaweza kufika gigabaiti kadhaa. Mdogo wetu mmoja hapa, kijana mtiifu, alifuata amri, akafuta folda nzima ya `.gradle` na juu yake kashe ya pip, chombo kinachopakua maktaba za Python. Mradi haukujengeka tena. Akanunua mega kwa pesa yake ya usafiri, upakuaji ukakatika katikati, akanunua tena. Tatizo la depo halikuwa na uhusiano wowote na Gradle! Hakuna aliyemrudishia franka zake. Nikiuliza, naambiwa nisikuze mambo.

Kwa atakayejikuta palepale nilipokuwa: kwa Python futeni folda za `__pycache__` za mradi peke yake, mwache nyingine. Kisha endesheni

`python -m compileall -f --invalidation-mode checked-hash .`

Njia hiyo ipo tangu 3.7 ya mwaka 2018. Badala ya tarehe, inaweka alama inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ndani ya chanzo, na Python inaikagua kila inapoingiza moduli. Tarakimu moja ikibadilika, inajua. Msisahau `-f`, kwa sababu bila hiyo compileall nayo inaangalia tarehe, inaona 1980, inaruka. Kwa Gradle, `./gradlew clean --offline` inafuta folda ya `build` na haigusi vilivyopakuliwa.

Na kwa wenye ofisi: Git ipo. Haihifadhi tarehe za faili; faili iliyobadilika inaandikwa upya na kupewa saa ya mashine inayoipokea, kwa hiyo tofauti ya Kinshasa na Lubumbashi inakufa hapo hapo. Msiniambie intaneti. `git bundle` inafunga mabadiliko yote kwenye faili moja, inakaa kwenye flashi ile ile mnayompa msafiri, na mimi navuta kutoka humo nikiwa gizani bila mtandao. Nimelisema hili kwenye kila kikao cha simu. Najibiwa kwamba "watu wamezoea zipu." Nani amezoea? Anayefunga ndiye amezoea, anayefungua hakuulizwa.

Nataka pia ofisi imwandikie yule mama, kwa jina la ofisi, kwamba kosa la punguzo halikuwa lake wala la aliyemsimikia. Karatasi moja yenye sahihi, abandike depo wanunuzi wasome. Na mega za yule kijana zilipwe.

Nimeshawaandikia kwamba zipu nyingine ya 1980 siisimiki kwa mteja yeyote, hata wakinikata mshahara. Mlioko Goma, Bukavu, Kisangani, saa yenu ni kama yetu na najua baadhi yenu mnapokea kazi za Kinshasa kwa njia hii hii: ofisi zenu ziliwakubalia `git bundle`, au nanyi mnapigana peke yenu? Aliyefanikiwa aniwekee hapa alivyowaandikia, niwapelekee wangu Jumatatu.