Makala moja, websaiti, apu na SMS: nisevu HTML, Markdown au nini?

fundi_kodi: Wakuu habari. Nina mfumo wa maelezo ya kilimo, makala moja mfano ya viwavijeshi kwenye mahindi inatakiwa itokee kwenye websaiti, kwenye apu, na kipande chake kiende kwa SMS. Mwanzoni nilikuwa nachukua HTML (kodi ya kurasa za wavuti) ya edita naitupa kwenye kolamu moja ya databesi ya PostgreSQL basi. Sasa nimefungua zile data nikachoka kabisa, spani ndani ya spani, rangi, fonti, maana waandishi wanakopi toka Word wanapesti. Makala zimefika 400. Nihamie Markdown au?

mzee_wa_databesi: Markdown kaka. Ipo tangu 2004, ni teksti tupu yenye alama chache za kuonyesha vichwa na orodha, hata bila programu unaisoma, na ukilinganisha toleo la jana na la leo unaona kilichobadilika. Ila shika CommonMark, yaani Markdown yenye kanuni zilizonyooshwa, sio Markdown yoyote tu, maana ile ya mwanzo iliacha mambo mengi hewani kila programu ikatafsiri kivyake. Majedwali hayamo humo, utahitaji nyongeza.

binti_seva: Mi naona Markdown peke yake haimtoshi. Kwanza inaruhusu HTML ndani yake, kwahiyo mtu akiweka tagi ya script (kodi inayojiendesha kwenye brauza ya msomaji) inapita, lazima usafishe wakati wa kutoa. Pili hao wanaopesti toka Word hawatakaa waandike nyota na alama za reli (#) za Markdown, wape edita ya kubonyeza inayosevu vipande kwa JSON, yaani data iliyopangwa kwa majina na thamani: aya, kichwa, orodha, onyo. Kolamu ya jsonb, aina ya PostgreSQL ya kuhifadhi JSON, inabeba vizuri tu. Kipimo cha dawa usikichanganye na maandishi, kipe kolamu yake, kikibadilika unarekebisha sehemu moja, hilo ni shamba la mtu jamani.

Na SMS usikate toka kwenye makala, andika ujumbe wake kabisa. Zile alama za nukuu zilizopinda za Word hazimo kwenye herufi za kawaida za SMS, kwahiyo zinashusha SMS moja toka herufi 160 mpaka 70, unalipia mara mbili au tatu bila kujua.

fundi_kodi: Dah hiyo ya nukuu ndo inanila hela kila mwezi!! Asante dada. Naenda na vipande vya JSON, HTML ya websaiti nitaitengeneza toka humo na kuikeshi, yaani kuiweka tayari isitengenezwe upya kila mara.

mzee_wa_databesi: Binti yuko sahihi kwenye kipimo. Ila ile kolamu ya zamani usiifute mpaka mtu amezipitia zote 400 kwa macho, skripti ya kuhamisha huwa inameza majedwali.