Kubadili Kihindi kutoka Devanagari kwenda herufi za Kirumi: naomba ushauri

Mleta uzi: Wakuu, naandaa kijitabu cha maneno ya Kihindi kwa Waswahili wenzangu wanaokwenda kusoma India. Orodha ninayo kwa Devanagari, yaani hati inayotumika kuandika Kihindi. Programu inanipa "namaka" kwa नमक (chumvi), lakini wenyewe nawasikia wakisema "namak". Nikirudisha maneno kwenye Devanagari, mengine yanageuka. Na faili moja limejaa vitu kama "jke". Nifanyeje?

Mpenda Hati: Programu iko sahihi, mkuu. Kila konsonanti ya Devanagari imebeba irabu "a" isipowekewa alama nyingine. Kisanskriti, lugha ya kale ya India, huitamka, Kihindi huiacha mwishoni mwa neno, na mara nyingi hata katikati. Ndiyo maana नमकीन husomwa "namkīn", ilhali herufi kwa herufi utapata "namakīna". Hapa uwe makini sana: sisi tumezoea maneno yanayoishia na irabu, wasomaji wako wataitamka hiyo "a" bila shaka yoyote na muuza duka atabaki anawatazama. Matamshi mpe mzungumzaji wa Kihindi ayapitie.

Bint Bahari: Kuhusu kurudisha: दाल ni dengu, डाल ni tawi. Kwenye meseji za simu yote huandikwa "dal". La kwanza ulimi unagusa meno, la pili ncha inapinda kuelekea kaakaa. Ukishaandika "dal" tofauti hiyo imepotea, hakuna mashine itakayoijua bila kuona sentensi nzima. Tumia ISO 15919, kanuni ya kimataifa ya mwaka 2001 ya kuandika hati za India kwa herufi za Kirumi: moja linakuwa "dāla", jingine "ḍāla".

Mleta uzi: Ahsante dada. Hizo nukta na mistari hazitawatisha wanaoanza?

Bint Bahari: Zitawatisha, ndiyo maana uweke safu tatu: Devanagari, ISO, na matamshi mepesi. Ukihitaji kurudi, rudi kutoka ISO pekee. Aksharamukha, programu ya kubadili hati, inafanya kazi hiyo pande zote mbili.

Fundi wa Faili: Hiyo "jke" ni राम (jina Rama) iliyochapwa kwa fonti ya Kruti Dev. Fonti hiyo huchora maumbo ya Kihindi juu ya herufi za Kirumi, hivyo ukinakili unabaki na herufi za Kirumi tu. Geuza faili kuwa Yunikodi (mfumo wa kompyuta unaoipa kila herufi ya kila hati namba yake) kwanza, kisha ndipo ubadili hati. Ukiruka hatua hiyo, kila kitakachofuata kitakuwa takataka.

Mleta uzi: Nimewaelewa. Naanza na faili hilo la Kruti Dev usiku huu.