Kukata kope Korea: urembo au kujikana?

Bin Tanga: Kuna binti wa Seoul nimemsikia akisimulia kuwa alipomaliza mtihani wa kuingia chuo, mama yake alimlipia upasuaji ili ngozi ya kope za juu ipate mkunjo. Eti ndiyo zawadi! Mimi naona ni kuutamani Uzungu. Mnasemaje?

Mama Nasra: Uzungu gani? Waasia wengi tu huzaliwa na mkunjo huo. Daktari Mikamo wa Japani aliandika habari za upasuaji huu mwaka 1896.

Bin Tanga: Na Millard je, yule daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa Korea baada ya vita? Mkalimani Mkorea alimwendea akitaka macho ya duara, akamfanyia. Na mwaka 2013, mtangazaji Julie Chen, Mmarekani mwenye asili ya China, alieleza kuwa bosi wake Marekani alimwambia macho yake yanamfanya aonekane amechoshwa na wageni anaowahoji. Akaenda kukatwa.

Msomi wa Seoul: Nipo huku mwaka wa tatu. Mtaa wa Apgujeong kliniki za upasuaji huu zimebanana kama maduka ya Kariakoo. Wenzangu darasani hawamtaji Mzungu hata siku moja, wanaitaja picha inayobandikwa kwenye maombi ya kazi. Hapo ndipo wanapobanwa.

Chausiku: Wanaume kwa kuhukumu! Wengine hawakatwi hata kidogo, ni nyuzi tu zinapitishwa kwenye kope, na zikilegea mkunjo unaondoka. Afadhali hao kuliko wa kwetu na mkorogo.

Mama Nasra: Chausiku, mkorogo usiutaje kirahisi hivyo. Mdogo wangu uso uliungua kwa krimu yenye zebaki, mpaka leo jua likiwaka hatoki. "Wa kwetu" ndiye huyo.

Chausiku: Pole dada, sikumlenga mtu. Nilisema mkorogo ni hatari zaidi.

Mama Nasra: Ulisema "afadhali".

Bin Tanga: Lakini chanzo si kimoja? Hata mawigi haya ya nywele za Wahindi...

Chausiku: Wigi navua usiku nalala! Mke wako anasuka rasta za dukani, umemwambia anajikana?

Bin Tanga: Mke wangu muache.

Msomi wa Seoul: Jamani, ile picha ya maombi ya kazi hamjaigusa.

Mama Nasra: Subiri kwanza, Msomi. Bin Tanga, nani alikwambia nywele zote ni za Wahindi?