Naomba ushauri: wenzangu kazini Mtwara wananitenga

Fundi wa Mueda: Ndugu zangu, mimi ni fundi mitambo kutoka Msumbiji, katika kiwanda cha kubangua korosho. Mameneja ni Wahindi na mafundi wengi wametoka Kanda ya Ziwa. Akina mama wanaomenya na kupanga madaraja ni Wamakonde wenzangu, na nikiongea nao Kimakonde mafundi hunyamaza na kunitazama kana kwamba ninawasema. Sasa chakula cha mchana ninakula peke yangu. Nifanyeje?

Binti Mikindani: Pole, kaka. Mbele ya asiyekijua, Kimakonde kiweke kando, hata kama mnaulizana bei ya samaki tu. Asubuhi wapitie mafundi wote kwa salamu, ukianza na mkubwa wao, ndipo ushike spana.

Mzee wa Nachingwea: Mwanangu, kabla Msumbiji haijapata uhuru mwaka 1975, wapiganaji wa FRELIMO walikuwa na kambi huku kwetu, nasi tuliwaita ndugu. Anayekutenga leo hajafundishwa hayo. Vumilia.

Fundi Umeme: Mafundi hawamsusi mtu kwa lugha tu. Kuna jambo hujalisema.

Fundi wa Mueda: Nimepandishwa kuwa msimamizi wa zamu, juu ya mzee aliyenifundisha mashine ya kupasulia. Sikuomba. Kiwanda kingine kinanihitaji Jumatatu na nimeshakubali kwa mdomo, kwa sababu naona ni heshima zaidi kuondoka kuliko kumwamuru.

Kijana wa Shangani: Hii imetungwa. Msumbiji wanasoma kwa Kireno; Kiswahili hiki kilichonyooka umekipata wapi?

Fundi wa Mueda: Shule ya msingi nilisomea Newala, kwa mjomba wangu.

Binti Mikindani: Shangani, ng'ambo ya Ruvuma wapo wengi wanaozungumza Kiswahili. Bibi yangu aliolewa kutoka huko.

Fundi Umeme: Tuyaache hayo. Kibali chako kinamtaja mwajiri gani? Kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, mgeni hafanyi kazi bila kibali, na cha mwajiri huyu hakikuruhusu kwenda kumfanyia kazi mwingine.

Fundi wa Mueda: Kimemtaja wa sasa. Wale wapya wamesema watalishughulikia nikishaanza.

Fundi Umeme: Usianze. Atakayekamatwa na Uhamiaji ni wewe. Na yule mzee, umeshakwenda kwake?

Fundi wa Mueda: Bado, niliona aibu.

Mzee wa Nachingwea: Basi nenda kabla ya Jumatatu, nyumbani kwake na si kiwandani, ukiongozana na mtu mzima anayemheshimu. Mwambie hukukiomba cheo hicho, kisha umuulize yeye angependa zamu iendeshwe vipi.